Ukurasa wa Mwisho wa Hadithi ya Kisima

Mwalimu Gatimu alikuwa amefundisha Kiswahili miaka kumi na minane kabla ya kusikia wanafunzi wakimsihi mwalimu asitoke darasani. Na siku aliposikia, mwalimu aliyekuwa akisihiwa hakuwa yeye.

Ilikuwa Alhamisi moja ya Juni, mwaka wa sabini na tatu, katika shule ya sekondari ya harambee iliyoko juu kidogo ya Wamagana, huko Tetu. Gatimu alikuwa Fomu Tuu, amewapa watoto zoezi la ngeli, nao wameinama kimya. Ukuta uliowatenga na Fomu Foo ulikuwa wa mbao, tena mbao zilizopigiliwa na wazazi waliokuwa na haraka ya kurudi kwenye kahawa yao, kwa hiyo kila neno lilipita. Kengele ikalia. Gatimu akangoja vishindo vya viti. Badala yake akasikia kelele za watu wanaoomba.

"Ongeza kidogo, mwalimu! Tuambie tu kama atashuka!"

"Alhamisi ijayo, Mungu akitujalia," ilijibu sauti ya kike, laini, yenye kicheko ndani yake. "Nendeni mkanywe chai."

"Aaa, mwalimu! Wiki nzima? Ati tungoje wiki nzima?"

Kitu kikampanda Gatimu kifuani na kukaa hapo. Tusikitafutie jina la heshima. Kilikuwa wivu, tena ule mbaya kuliko wote, wa mtu mzima mwenye suti mbili na watoto wanne kumwonea mtu aliyekuja kazini majuzi.

Mwenye sauti hiyo alikuwa Waridi binti Ali. Aliletwa pale shuleni Januari, akiwa na cheti kipya na viatu visivyofaa tope la Tetu. Kwao ni Majengo, mjini Nyeri, ambako babake alikuwa fundi cherehani, na Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwao, cha kugombania sukari na kubembelezea watoto. Hakukisomea. Alikuwa nacho tu, kama alivyokuwa na pua.

Cha Gatimu kilikuwa cha jasho. Alikikusanya neno moja moja, kwa kamusi na taa ya mafuta, mpaka walimu wenzake wakawa wanamuuliza yeye kabla ya kuandika barua kwa wakubwa. Zile r na l zinazowapiga chenga watu wa kwao alizifundisha adabu mbele ya kioo, asubuhi baada ya asubuhi, huku mkewe akimcheka jikoni. Sasa amekuja msichana wa miaka ishirini na minne ambaye hajawahi kusimama mbele ya kioo kwa sababu kama hiyo. Je, hilo si la kumuuma mtu?

Walikuwa wakigawana Fomu Foo. Gatimu aliwafundisha sarufi Jumatatu, Waridi aliwasomea hadithi fupi Alhamisi. Hadithi hizo zilikuwa za zamani, za nchi mbalimbali, zimefasiriwa na kukusanywa katika kitabu kimoja chenye jalada jekundu, na shule ilikuwa na nakala moja tu. Kilikaa kwenye kabati la chumba cha walimu, na mwalimu mkuu, Bwana Ngatia, aliwaambia wote kwamba atakayekipoteza atakitafuta mpaka Nairobi kwa miguu.

Sasa mwaka huo, kwa mara ya kwanza, shule ingetoa watahiniwa wa fasihi ya Kiswahili. Mtihani ungewataka wachambue dhamira na taharuki, wala haukutaka walimu wawili wanaovuta huku na huku. Bwana Ngatia akatangaza kwamba mkaguzi atakuja Julai, atakaa katika somo la kila mmoja, kisha ataamua nani achukue Fomu Foo mpaka Novemba.

Gatimu alisikia tangazo hilo kana kwamba mtu ameuliza hadharani kama watoto wake ni wake. Fomu Foo ile aliipokea ikiwa Fomu Wan, thelathini na mmoja, wanasema "kitabu yangu" na "niko na kalamu" bila aibu. Aliwapeleka polepole, akawakemea, akawapenda kwa namna yake ya kutoonyesha. Warigia, ambaye sasa aliandika insha za kuwasha moto, alikuja akiwa hawezi kutaja jina lake bila kujificha nyuma ya kiganja. Gatimu ndiye aliyemwambia aushushe mkono ule. Leo mkono huohuo ulikuwa unapunga hewani kumwomba Waridi aongeze kidogo.

Jumatatu iliyofuata aliingia Fomu Foo na chaki yake. Kabla hajaandika tarehe, kijana mmoja aitwaye Gicheru akainua mkono.

"Mwalimu, wewe umesoma hiyo hadithi ya kisima? Yule ndugu mdogo atashuka ama hashuki?"

Darasa zima likamtazama. Lilikuwa jicho la njaa, na Gatimu alijua njaa yenyewe haikuwa yake.

"Sijakifungua kitabu hicho," alisema, "na sina mpango wa kukifungua. Hizo ni hadithi za kupitishia wakati. Fungueni ukurasa wa sitini na moja."

Wakati anasema hivyo ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyecheka wala kunung'unika. Walifungua ukurasa wa sitini na moja.

Jioni alikaa kwenye kiti chake nyumbani, sahani ya irio imepoa mbele yake, anasimulia kwa mara ya tano jinsi ambavyo taharuki hufundishwa na watu waliofundishika. Mkewe, Kabura, alikuwa akichambua maharagwe.

"Mimi nawaambia mwisho kwanza," alisema Gatimu. "Nawaambia mwisho, halafu tunarudi kuangalia mwandishi ametufikishaje. Hapo mtu anajifunza. Yeye anawaacha wananing'inia kama nguo kwenye kamba!"

"Baba Muriithi," Kabura akasema bila kuinua macho, "ungekuwa unamtaka huyo binti wa Majengo, ningeelewa. Ningekupiga, lakini ningeelewa. Wewe hutaki yeye. Wewe unataka sauti yake."

Gatimu akasema maharagwe yana mawe mengi siku hizi. Lakini neno lile lilimwingia, na usiku ule alilijibu kichwani mara nyingi.

Alhamisi ya pili hakujifanya tena. Aliwapa Fomu Tuu zoezi refu, akavuta kiti mpaka kwenye ukuta wa mbao, akatega sikio. Huko ng'ambo Waridi alikuwa anasoma. Ndugu wawili walikuwa wanachimba kisima katika nchi kavu. Mdogo, kwa kuwa ni mwembamba, alifanya kazi chini. Mkubwa alibaki juu, ameshika kamba. Asubuhi ya siku hiyo mkubwa alikuwa amegundua kwamba marehemu baba yao alimwachia mdogo shamba lote, pamoja na pale kisima kilipo. Mdogo alikuwa hajaambiwa. Walikuwa wamekubaliana kwamba kamba ikitikiswa mara tatu, maana yake ni maji yamepatikana, vuta. Mdogo akashuka. Jua likapanda. Kamba ikatikisika mara moja. Ikatikisika mara ya pili. Ikatikisika mara ya tatu, na mkubwa akaiangalia mikono yake mwenyewe.

Hapo Waridi akafunga kitabu. Kelele zilizofuata zilimfanya mpishi atoke jikoni.

"Tulieni," alisema Waridi. "Nani wiki hii alilala vibaya kwa sababu ya kamba hii?"

Viti vikalia. Bila shaka mikono ilikuwa juu.

"Basi hiyo ndiyo taharuki, mnayo tayari, hamhitaji kuikariri. Sasa niambieni, mwandishi ameitoaje? Mdogo anajua kuhusu shamba?"

"Hajui!"

"Sisi?"

"Tunajua!"

"Hapo ndipo alipotubana. Ametupa habari ambayo angepaswa kuwa nayo mtu aliye shimoni, halafu akatunyima mdomo wa kumwambia. Angetuficha sisi pia, tungeshtuka mara moja tu, mwishoni. Kwa kutuambia mapema ametuogopesha kurasa nne. Na dhamira je? Tusiseme haraka. Kwa nini amfanye mkubwa aangalie mikono yake, asiangalie kisima?"

"Kwa sababu kisima hakina kosa," alisema Warigia.

 Halafu Waridi akasema, polepole, "Andika hilo, Warigia. Usilipoteze."

Gatimu alibaki ameegemea mbao. Lilikuwa somo zuri. Alilijua hilo kama mkulima anavyoijua kahawa nzuri ya jirani, na lilimuuma palepale inapomuuma mkulima. Miaka mitatu na nusu ametafuta kwa Warigia jibu la namna ile, na limetoka kwa ajili ya mwingine, katika dakika kumi.

Wiki iliyofuata ndiyo mkaguzi angekuja, na Waridi alikwisha wapa ahadi Fomu Foo: mwisho wa hadithi watausikia siku hiyo, mbele ya mgeni. Jumatano, saa kumi na nusu, walimu walikuwa wameondoka. Ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka kutoka Nyandarua ukameza uwanja wa mpira. Gatimu akafungua kabati, akatoa kitabu chekundu.

Alikuwa na nia moja tu, nayo haikuwa ya kusoma. Ukurasa wa mwisho wa hadithi ukikosekana, Waridi atageuza karatasi na kukuta pengo. Mwisho Waridi aliujua, ndiyo, lakini kuijua hadithi ni jambo moja, na kubabaika mbele ya mkaguzi na azimio la somo lililovunjika ni jambo lingine. Isitoshe ataonekana ameharibu nakala pekee ya shule. Ndivyo Gatimu alivyopiga hesabu yake, na kama hesabu ya kumharibia mtu, ilikuwa safi.

Lakini ili aufikie ukurasa wenyewe ilibidi apekue, na katika kupekua jicho likashika sentensi, na sentensi ikamshika yeye. Akarudi mwanzo. Alisoma amesimama, koti mkononi, mpaka mahali pa kamba.  Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alitaka kujua kitakachotokea katika kitabu. Akageuza.

Mdogo alipoanza kupanda, mkubwa alimwachia. Kamba ilimpita mikononi, akangoja kusikia kishindo cha mwili juu ya ardhi kavu, kana kwamba amesahau maana ya mitikiso ile, na alichosikia ni maji. Kijiji kikaja kuchota. Walimlilia mdogo, wakamshukuru Mungu kwa kisima, na wakakinywea miaka arobaini. Mkubwa peke yake alikwenda mtoni kila siku, mwendo wa saa mbili, kuchota maji yake ya matope. Watu walidhani ni majivuno.

Gatimu aliusoma ukurasa ule mara tatu. Kisha, kwa unadhifu wake wa siku zote, akalaza rula kando ya mshono na kuukata kwa wembe, ukatoka bila kuchanika. Akaenda jikoni, mpishi keshaondoka, akautia kwenye jiko la chai lililokuwa bado na makaa. Akarudisha kitabu kabatini. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijiambia kwamba ni karatasi moja tu.

Mkaguzi, Bwana Kahiga, alifika saa tatu akiwa na tope mpaka magotini, kwa kuwa gari lake lilikwama chini ya kilima na wanafunzi ndio waliolisukuma. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye daftari jeusi na mazoea ya kutazama saa. Gatimu alifundisha kwanza. Aliandika ubaoni Dhamira, Wahusika, Taharuki, akapiga mistari chini yake, akauliza, wakajibu. "Taharuki ni hali ya msomaji kuwa na hamu ya kujua kitakachofuata," darasa likasema kwa sauti moja. Bwana Kahiga akaandika kitu, akapiga mwayo kwa adabu, nyuma ya daftari.

Mchana ilikuwa zamu ya Waridi. Desturi ya shule ile ilikuwa walimu wa somo moja kuhudhuria, basi Gatimu akaketi nyuma kabisa, kando ya mkaguzi. Waridi alifungua kitabu. Akawarudisha kwenye kamba, tikisiko la kwanza, la pili, la tatu. Hata Bwana Kahiga aliacha kutazama saa. Mkubwa akaiangalia mikono yake mwenyewe. Waridi akageuza karatasi.

 Gatimu alimwona akirudi nyuma ukurasa, akienda mbele tena. Kisha akapitisha kidole taratibu kwenye mshono, pale pahali palipokatwa moja kwa moja kama kwa rula. Gatimu aliingoja aibu impande usoni. Aliingoja kwa hamu, na hilo ndilo la kusikitisha zaidi katika kisa hiki.

"Ukurasa wa mwisho haupo," alisema Waridi, bila kuficha, akakiinua kitabu ili wote waone. "Basi leo mwandishi ametuachia kamba sisi. Nani ataimaliza? Lakini mtumie yaliyomo humu. Msiniletee simba kutoka msituni."

Wakacheka. Gicheru akasema mkubwa atavuta, halafu watagawana shamba kanisani. Wakamzomea. Mwingine akasema kamba itakatika yenyewe. "Hiyo ni kumkwepesha mwandishi kazi," alisema Waridi. Ndipo Warigia aliposimama.

"Anamvuta," alisema. "Anavuta kwa nguvu zake zote, mpaka mikono inatoka damu. Mdogo anatoka, maji mpaka kiunoni, anacheka. Halafu anamwangalia kaka yake machoni na anaacha kucheka. Hawasemi kitu. Wanakula. Wakati wa kulala mdogo anamwambia, 'Kesho utashuka wewe. Mimi nitashika kamba.' Mwisho."

 Kisha Bwana Kahiga akajipiga paja. "Mungu wangu!" alisema. "Huyu mtoto!" Darasa likalipuka kwa makofi, na mkaguzi akaanza kuandika mbio, anatabasamu, anageuza kurasa za daftari lake. Kila neno aliloandika lilikuwa linaandikwa kwa jina la Waridi. Gatimu aliona hivyo waziwazi. Msichana wake, aliyemshusha mkono mdomoni, amempa mwingine ushindi, na ushindi wenyewe ameutengeneza Gatimu kwa wembe wake.

Halafu lipo na hili, ambalo ni mwalimu tu atakayelielewa. Jibu lilikuwa si sahihi. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuliacha jibu lisilo sahihi lipite mbele yake likipigiwa makofi. Mwili wake ulisimama kabla ya akili.

"Si hivyo!" alipiga kelele. "Hakumvuta! Arimwachia! Arimwachia kamba!"

Zile l zilikuwa zimemtoroka, na hakuzisikia zikienda. Aliendelea. Akawaambia jinsi kamba ilivyopita mikononi, jinsi alivyongoja kishindo na kusikia maji. Akawaambia kuhusu miaka arobaini, na mto, na matope, na watu waliodhani ni majivuno. Hakuwa na chaki wala vichwa vya habari. Sauti yake ilishuka yenyewe mahali pa kushuka, na alipofika mwisho aliwatazama, akawaona thelathini na mmoja wamegeuka kwenye viti vyao, macho yote kwake, midomo wazi. Hicho ndicho alichokuwa amekitamani maisha yake yote.

Ilimchukua muda mfupi kutambua kwamba hawakuwa wanaitazama hadithi. Gicheru alimgeukia Warigia. Warigia alikuwa anamtazama mwalimu wake kama mtu anayesoma maneno kwa shida, silabi kwa silabi. Mbele ya darasa Waridi alitazama mshono wa kitabu kwa mara nyingine, kisha akakifunga na kukiweka mezani.

"Naam," alisema Bwana Kahiga, ambaye Jumatatu ile ya "sijakifungua kitabu hicho" hakuwepo. "Huyu amesoma!"

Uamuzi ulitolewa saa kumi katika chumba cha walimu. Mkaguzi alimsifu Waridi kwa uchangamfu wake. Lakini, alisema, mwalimu wa darasa la mtihani hawezi kuingia darasani na kitabu kisichokaguliwa, wala kuacha hadithi ikaishia popote mtoto anapopenda. Yupo mwalimu hapa ambaye, bila kitabu mkononi, aliutaja mwisho neno kwa neno. Fomu Foo itakuwa ya Mwalimu Gatimu. Bwana Ngatia akapiga makofi. Waridi naye akapiga.

Gatimu alimfuata kwenye baraza, akiwa na miavuli miwili ambayo hakujua aliichukua ya nini.

"Mbona hukusema kitu?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Niseme nini, Mwalimu?" Waridi alikuwa anafunga kamba za viatu vyake, vile visivyofaa tope. "Darasa zima lilikuwepo." Kisha akasimama, akamtazama bila ukali. "Ulisimulia vizuri lakini. Sikujua unaweza."

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili Gatimu hakulala. Kanisani alisimama wengine walipoketi. Kabura alimuuliza mara moja, akaona uso wake, hakuuliza tena. Kufikia Jumapili jioni alikuwa ameamua: atakiri. Si kwa Bwana Ngatia, wala kwa mkaguzi. Atakiri kwao, Fomu Foo, na kisha wakimtaka aondoke ataondoka, na wakimsamehe atakuwa wao tena. Aliandaa maneno kama hajawahi kuandaa somo. Alipanga wapi aanze, wapi anyamaze, wapi awape nafasi ya kukisia. Angeanza mbali, na mwalimu mmoja asiyetajwa jina, na wao wangesogea polepole wakimtambua, na mwishoni kungekuwa na kile kimya kikubwa. Alilia kidogo akijaribu sehemu ile, peke yake, kwenye banda la ng'ombe.

Jumatatu alisimama mbele yao. Aliweka chaki mezani.

"Leo hatufungui kitabu," alisema. "Nina kisa. Kulikuwa na mwalimu mmoja. Alilipenda darasa lake kuliko alivyojua. Siku moja, saa kumi na nusu jioni, akaingia chumba kisicho na mtu, akafungua kabati..."

Akanyamaza, kama alivyopanga. 

Warigia akainua mkono. Akasimama kwa heshima, mikono nyuma.

"Mwalimu, samahani. Tunajua. Ni wewe ulikata ukurasa."

Gatimu alitafuta mahali pa kushika. "Nani... ni nani anayejua?"

"Sisi wote. Tangu hiyo Alhamisi." Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Gatimu aliitafuta, na angeishukuru kama angeiona. "Mwalimu Waridi alituambia tusikusumbue na hayo maneno. Alisema sarufi yako ni nzuri na tutaihitaji. Tafadhali, mwalimu, tuendelee. Mtihani ni Novemba."

Akaketi. Gatimu akawatazama mmoja mmoja. Madaftari yalikuwa yamefunguliwa, mistari ya kando imekwisha pigwa, na kila mmoja ameshika kalamu, anangoja kwa utulivu na adabu kamili, jinsi alivyowafundisha yeye mwenyewe. Hakuna aliyetaka kujua mwalimu yule wa kwenye kisa alijisikiaje, wala alisema nini mwishoni.

Aligeuka ubaoni, akaandika tarehe. Chini yake akaandika Taharuki, akapiga mstari, na nyuma yake akasikia kalamu thelathini na moja zikianza kunakili.